Miwani ya Rangi ya Chungwa

Danguolė Rimkutė alipanga miali ya leza katika karakana yetu hapa Vilnius kwa miaka ishirini na miwili. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila na Kęstutis, fundi mwenzake, walitaniana kama dada na mdogo wake.

Asubuhi moja ya Februari walikuwa na leza ya kijani. Kijani hicho huzaliwa ndani ya fuwele ndogo: upande mmoja unaingia mwali wa infraredi, usioonekana, wenye wimbi la urefu wa nanomita 1064, upande wa pili unatoka wa kijani, wimbi lake nusu ya hilo. Danguolė aliitoa fuwele aisafishe. Kijani kikapotea. Infraredi ilibaki inawaka.

"We mama, nirushie miwani," Kęstutis akasema.

Akamrushia ya rangi ya chungwa. Hiyo huzuia kijani tu. Ya infraredi ilikuwa moja, na alikuwa ameivaa Danguolė mwenyewe.

Kęstutis akainama kukaza skrubu. "Nani kapasua kitu?"

Sisi wengine hatukusikia chochote. Mlio ulikuwa ndani ya jicho lake la kulia. Mwanga usiouona huwezi kuukwepa kwa kupepesa jicho. Hupenya hadi nyuma ya jicho na kuchoma.

Kęstutis aliporudi kazini alipelekwa kufunga mizigo. Katikati ya kila anachotazama kwa jicho hilo pamebaki doa jeusi. "Nikikutazama kwa hili, huna kichwa," alimwambia Danguolė. "Afadhali, maana umenuna mno." Tukacheka. Danguolė hakucheka.

Akaanza kutembea na kadi ya kupimia, ile inayong'aa ikiguswa na infraredi. Aliipitisha kwenye meza za leza zilizozimwa, kwenye korido, hata juu ya bakuli lake la supu ya bitiruti.

"Unatafuta nini humo?" nilimuuliza.

"Nahakikisha tu."

Mwezi wa Mei alimfuata Kęstutis kwenye maboksi. Nilikuwa nyuma yao.

"Ile miwani ya infraredi nilikuwa nimeivaa mimi," alisema. "Nilijua wakati nakurushia ile nyingine."

Kęstutis hakuacha kufunga. "Najua. Niliiona usoni kwako."

"Mbona hukusema?"

"Nilijiambia, Danguolė hawezi kunirushia isiyofaa."

Siku hiyo hiyo Danguolė alihamisha kiti chake cha chakula, akaketi kulia kwa Kęstutis, upande wa jicho bovu. Tumeshamwambia mara nyingi ahamie kushoto, Kęstutis amwone uso. Bado hajahama.