Jogoo Aliyepakwa Piko

Hapa Magomeni mimi ndiye bingwa wa kufuga kuku wa kuchi weusi, au ndivyo nilivyojisifu. Juzi jogoo wangu wa mbegu aliota manyoya mawili meupe bawani, na mzee mmoja wa Shangani, mteja wangu, alishaahidi kuja kumnunua. Nikaiba piko ya mke wangu, ile rangi nyeusi ya kujirembea, nikampaka jogoo kama bibi harusi.

Mzee alifika akitoka swala ya Ijumaa. Akambana jogoo kwapani, akapapasa kifua na miguu. Alipomshusha, kanzu yake nyeupe ilikuwa nyeusi ubavuni.

“Hii si piko, mwanangu?”

Nikainamisha kichwa.

“Mimi nilifuata mifupa, ukubwa wa umbo lake, si rangi. Ningemchukua na weupe wake. Na wale matetea ulioniuzia mwaka jana, nao uliwaremba?”