Kikombe cha Bati

Juzi nilikwenda Quriyat, huku huku Arabuni, kwenye msiba wa mfanyakazi wa shamba, mtu wa Tanga, aliyeanguka kutoka juu ya mtende. Aliyekaa kupokea mikono ya taazia alikuwa mzee wa Kiarabu, mzaliwa wa Pemba, aliyefanya naye kazi shamba hilo miaka kumi na miwili.

Kahawa ilizungushwa kama kawaida yetu: vifinjani viwili, watu ishirini, kila mmoja anakunywa alipokunywa mwenzake. Ilipomfikia mzee, alikisukuma kifinjani na kuonyesha kikombe cha bati kilichoning'inia kwenye msumari nje ya mlango.

"Nnataka kile."

"Ami, kile cha marehemu," mtoto wa kaka yake alimnong'oneza. "Hakinywewi na mtu mwengine."

"Nnajua. Mimi ndiye niliyekitundika. Nilisema sinywi alipotia mdomo mtu mweusi." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Na hakuniuliza hata siku moja. Akija anakitungua mwenyewe, anakiosha, anakirudisha."

Sisi wengine, wenye bibi zetu weusi na Kiswahili chetu cha Unguja, tulitazama mkeka.

Mzee alikunywa. Hakukitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, basi akatiliwa tena, na tena.

Niliporudi nyumbani Al Khoudh nilifungua kabati la jikoni. Kikombe cha buluu cha dada wa kazi kilikuwa peke yake, rafu ya chini. Kwetu hakuna aliyewahi kutangaza kuwa kisiguswe. Na hakuna aliyewahi kukosea akakinywea.