Muda wa Kukunja Karatasi

Mimi ni fundi viatu, na miaka yote hii kibanda changu kinatazamana na meza ya Mama Karanga. Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba yule mama ni mzito wa mikono. Akichambua karanga, vidole havishikiki. Ila mteja akifika, anageuka kobe. Atachagua karatasi, ailaze mezani, aipanguse, aiviringishe iwe kama pembe, akunje ncha ya chini, kisha aifungue tena akidai haikukaa sawa. Muda wote huo anauliza habari: mguu unaendeleaje, mjukuu ameota meno, yule paka alirudi?

Mumewe alishafariki, na mwanawe wa pekee anaishi mji mwingine. Nyumbani hana wa kumwambia hata kwamba chai imemwagika. Maongezi yake ya siku nzima yalikuwa hayo ya kukunja karatasi, na aliyeyangoja zaidi ni Dereva, mzee mstaafu aliyepanga chumba mtaa wa nyuma, naye peke yake. Dereva alinunua karanga kila jioni na meno hana. Niliwahi kumuuliza anazipeleka wapi, akaniambia nishone viatu.

Basi mwanawe akaja kusalimia, akaona foleni.

"Mama, watu wanangoja mpaka wanaghairi. Na karatasi inanyonya mafuta, ikifika jioni karanga zimelegea."

Akamnunulia vifuko vya plastiki na mashine ya kuvibana kwa moto. Alifanya kwa mapenzi, na mama gani angeikataa zawadi ya mwanawe? Karanga zikawa zinakaa muda mrefu bila kuharibika, maduka yakaanza kuzichukua, biashara ikachanganya. Mtaro wetu nao ukaziba. Karatasi za zamani zilikuwa zikilowa na kuoza zenyewe, lakini hivi vifuko mvua ya kwanza tu vilijazana pale chini, na mfagiaji akawa anaviopoa kwa reki huku akimtupia mama jicho la pembeni. Mimi mwenyewe niliamka nikakuta viatu vya watu vinaelea kibandani. Nilikasirika, sifichi.

Mama aliona aibu kwa ajili ya mtaro, lakini kilichomkosesha raha ni kingine. Watu walichukua pakiti, wakaacha hela, wakaenda zao. Hata ile "asante mama" waliisema wameshageuza mgongo. Meza ilikuwa na wateja wengi kuliko zamani, na yeye alishinda kimya.

Jioni moja Dereva alikuja amevaa koti, kofia mkononi. Mama akampa pakiti, maana nyuma yake wengine walikuwa wanasukumana. Mzee akafungua mdomo, akaufunga, akalipa, akaondoka. Hatukumwona tena. Wiki iliyofuata mwenye nyumba wa mzee alileta kiatu kibandani kwangu, naye mama alikuwa amekuja kuniazima sindano.

"Binti yake alikuja kumchukua," akatuambia. "Anakaa mbali sana huko. Kwani hakuwaaga? Alisema anapita kwa Mama Karanga kwanza."

Mama akakaa kwenye benchi langu.

"Alipita," akasema. "Nikampa pakiti."

Nikagongelea kisigino ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Niliumia moyoni, nikajilaumu pia kwamba nilimwona mzee na koti lake na sikuuliza.

Siku hizi karatasi zimerudi mezani. Maduka yamepata muuzaji mwingine, na mwanawe anapiga simu kulalamika. Mama anamwambia mashine imeharibika.

Juzi alisimama dada mmoja mwenye mkoba wa kazini.

"Mama, zile za plastiki hakuna? Nina haraka."

"Zimeisha, mwanangu," akasema, na boksi zima limejaa chini ya meza. Akailaza karatasi, akaipangusa. "Watoto hawajambo?"

"Sina watoto," akajibu yule dada, macho kwenye simu.

Mama Karanga akaifungua ile karatasi, akaanza kuikunja upya.