Siku Basile wa Matoazi Alipoongoza Orkestra

Basile alizaliwa kwa wavuvi wa maporomoko ya Kisangani. Mikono yake, iliyozoea kuvuta mitego majini, ndiyo iliyompatia nafasi ya kupiga matoazi katika orkestra ya mji. Manota, zile alama za muziki, hakujua kusoma. Kwa miaka kumi na mmoja alimtazama tu kiongozi.

Viongozi walikuwa watatu. Padri Léon, mwanzilishi, alikuwa na upara uliopendwa na nzi. Kila alipojipiga kofi kichwani, wapiga fidla walinyamaza wakidhani ni amri, hadi ikawa amri kweli. Akafuata Bwana René, mwembamba, asiyevaa mkanda: akipandisha suruali, tarumbeta zinaingia. Wa tatu, Bwana Hubert, alijua muziki kuliko wote, ila alipenda mno kwenda Ubundu kununua samaki.

Jumapili moja alasiri, mwaka 1956, watu wamekwisha kujaa uwanjani, habari ikafika: mvua imekata reli, Bwana Hubert amekwama Ubundu.

"Papa Basile, weye utaongoza," akasema Zéphirin, mpiga tarumbeta, mtu mwenye tumbo kubwa.

"Miye? Manota sijue hata moja!"

"Sisi tunajua. Weye unajua wakati wa kuingia. Bon, panda!"

"Na kaputula hii?"

Wakaenda nyuma ya ukuta, wakabadilishana kaputula kwa suruali. Zéphirin akarudi amebanwa hata kupumua taabu. Basile akapanda jukwaani ameshika kijiti mkono mmoja, suruali mkono wa pili.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha suruali ikateremka. Basile akaipandisha, tarumbeta zikalia. Ikateremka tena, zikalia tena, kwa nguvu zaidi. Jasho likamtoka, nzi akatua sikioni, Basile akajipiga kofi. Fidla zote kimya! Watu wakadhani kumekwisha, wakapiga makofi.

"Baado!" akapaza sauti mke wake, Honorine, katikati ya umati. "Haiyaisha! Muache amalize!"

Basile akamaliza. Walipiga mara mbili ya urefu uliopangwa, na nusu yake tarumbeta tupu. Uwanja mzima ukasimama kushangilia, naye akalia kwa aibu na furaha, bila mkono wa kujifutia machozi.

Bwana Hubert alifika Jumanne. Kila mtu alikuwa amekwisha kumsimulia. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamkabidhi Basile mazoezi ya kila Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza Basile alisimama mbele ya wapigaji.

"Tuanze wapi, papa?" akauliza Zéphirin.

Kulikuwa na sehemu moja ya polepole, ya fidla na filimbi, ambapo matoazi hayana kazi. Miaka yote ile alikuwa akikaa kimya, ameyaweka magotini, akiisikiliza.

"Ile ya polepole," akasema.

Akawarudisha hapo mara nne.