Gunnvor na Matairi ya Njumu

Gunnvor Seljevold alikuwa na mdomo, na pale Sandelva aliyekuwa wa kwanza kukiri hivyo ni yeye mwenyewe. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha samaki, akisimama kwenye maji baridi na kunyanyua makreti ambayo wanaume wengine waliyakimbia. Kiwanda kilipofungwa akaenda kupika kwenye shule, na watoto wa kijiji kizima walijifunza kwake kwamba chakula hakiachwi kwenye sahani. Sasa alikuwa mstaafu na mjane. Peder, mumewe, alifariki wakati theluji ikianza kuyeyuka, akamwachia nyumba ya mbao mwisho wa barabara, mashua chini ya banda, na gari jipya la umeme ambalo waliliagiza pamoja na likafika yeye akiwa tayari kaburini.

Kutoka Sandelva kwenda mjini lazima uvuke mlima wa Reinskard. Hakuna njia nyingine, labda uwe na mabawa. Mjini ndiko kwenye daktari, duka kubwa, na mwanawe Trygve, mwalimu, mwenye mke na watoto na nyumba yenye joto hadi sakafuni. Tangu mazishi Trygve alikuwa na wimbo mmoja tu: Mama auze nyumba, achukue fleti karibu na wao kabla baridi haijaingia. Magnar, mdogo wake Peder, alikuwa mwitikiaji wa wimbo huo. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hofu, na hofu ya watu wanaokupenda huchosha kuliko chuki ya jirani, kwa sababu huwezi hata kuifungia mlango.

Siku moja ya mwanzo wa Oktoba walikuja wote wawili, wakala maandazi yake bapa ya kuokwa kwenye chuma yenye jibini ya kahawia, wakanywa kahawa yake, kisha wakaanza. Barabara ya mlimani si mchezo. Peder ndiye aliyekuwa akiijua. Gari la umeme ni zito kama mzigo wa mawe, likiteleza halishikiki. Magnar akasema kwa upole, akijua fika anachokisema, kwamba shemeji yake hajawahi kuchagua hata tairi moja maishani mwake.

Hapo ndipo mdomo ulipomponza. Gunnvor aliweka kikombe chini akasema, "Haya, sikilizeni. Matairi ya baridi nitayachagua mimi. Nitayafunga mimi. Na mlima ukinirudisha hata mara moja baridi hii, nyumba nauza, na hamtanisikia nikilalamika."

Trygve alimtazama baba yake mdogo. Katika ukoo wa Seljevold neno likishatoka halirudi mdomoni, na wote watatu walilijua hilo. Waliondoka wakiwa wameridhika mno, jambo lililomkera Gunnvor hadi akashindwa kulala vizuri. Alijua amejifunga kamba mwenyewe.

Kesho yake alikwenda mjini kwenye duka la matairi la Siv, mwanamke mwenye mikono myeusi kwa vumbi la mpira na subira ya mtu aliyezoea wanaume wanaojua kila kitu. Trygve alikuwa ameshafika, ametoroka kazini. Alitaka magurudumu makubwa yaleyale yaliyokuja na gari, kwa kuwa yanapendeza, na matairi laini yasiyo na njumu, vile vichwa vya chuma vya kuuma barafu, kama ya kwake. Alieleza kwa kirefu: hayana kelele, hayali chaji, na mjini kila mtu ndiyo anayotumia.

Siv alimwambia Gunnvor mambo kama yalivyo. Tairi laini linashika vizuri kwenye theluji kavu na linaokoa chaji. La njumu linapiga kelele na linakula chaji kidogo zaidi, ila likikuta barafu linaiuma. Rimu ndogo inakubali tairi lenye ubavu mnene, linalovumilia mashimo. Rimu kubwa inataka tairi la ubavu mwembamba, ukigonga jiwe umeumia. Na kwa kuwa gari limebeba betri zito tumboni, lazima tairi liwe limeandikwa ubavuni kwamba linahimili uzito huo, usije ukachukua tu lolote linaloingia.

"Wewe ungechagua lipi?" Gunnvor aliuliza.

"Mimi nauza, mama. Silali Sandelva."

Jibu hilo Gunnvor alilipenda. Alisimama katikati ya duka, harufu ya mpira mpya ikimjaa puani, akafikiria ile kona ya mwisho kabla ya kushuka ufukweni, pale ambapo mvua ya Februari hunyesha juu ya barafu na barabara ikageuka sahani iliyomwagiwa mafuta. Peder aliwahi kuteleza pale, yeye akiwa kando yake, wakaishia kwenye ukingo wakitazama maji chini. Akashika tairi la njumu, akapitisha kiganja juu ya vile vichwa vidogo vya chuma. Vilimkwaruza. Akasema anataka haya, membamba, kwenye rimu ndogo kabisa ambayo breki za gari zitaikubali, na isiyong'aa.

"Chaji itapungua, Mama," Trygve alisema. "Na hizo kelele utazivumilia?"

"Nimefanya kazi kiwandani, mwanangu. Na chaji ya kwenda mlimani na kurudi inatosha. Ya kuringia siihitaji."

Siv aliyavisha matairi kwenye rimu, akaandika kwa chaki juu ya kila moja: kushoto mbele, kulia mbele, kushoto nyuma, kulia nyuma. Akamwonyesha mshale uliochongwa ubavuni, kwamba lazima uelekee gurudumu linakozungukia gari likienda mbele. Gunnvor akasema anajua. Siv akajitolea kuyafunga palepale. Gunnvor akakataa, tena kwa sauti. Sandelva mtu hafungiwi magurudumu dukani, labda awe mgonjwa au mgeni. Ikifika nusu ya pili ya Oktoba, kila ua una jeki, na majirani hupita polepole ili waone nani kamaliza na nani bado anajikuna kichwa.

Basi akayafunga mwenyewe. Alivaa miwani akasoma kitabu cha gari, akajua mahali pa kuweka jeki ili asilitoboe betri, na hapo hakukosea. Alikaza nati kwa spana ya kupimia ya Peder mpaka ikalia kuonyesha zimekaza vya kutosha. Jirani alipita, akapita tena, akainua kofia. Mgongo ulimuuma siku kadhaa, lakini alitembea kijijini kama aliyeoa na kuolewa siku moja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alimwambia mwenye duka la vyakula, ambaye hakuwa amemuuliza kitu.

Mwisho wa Novemba alikwenda mjini kwenye siku ya kuzaliwa ya mjukuu. Alipokuwa akirudi, mchana wa Jumapili ambao jua, kama kawaida ya huko majira hayo, halikujisumbua kuchomoza, upepo uliamka juu ya Reinskard na kizuizi cha barabara kikashushwa. Magari yangevuka kwa msafara tu, nyuma ya gari la kuondoa theluji. Gunnvor akaingia kwenye foleni. Nyuma yake alikuwa Magnar, aliyetoka kwenye sherehe hiyohiyo, ndani ya gari lake la dizeli, na Gunnvor alimwona kwenye kioo akinyoosha shingo.

Jostein, kiongozi wa msafara, alipita gari hadi gari na tochi. Aliuliza yale yanayoulizwa siku zote: nguo za joto zipo, beleshi lipo, mafuta au chaji kiasi gani? Gunnvor alikuwa na kila kitu, hadi chupa ya kahawa na soksi za akiba. Kisha Jostein akamulika magurudumu. Akazunguka gari. Akazunguka tena.

"Mama, nani kakufungia haya?"

"Mimi mwenyewe."

"Matairi ni mazuri. Ila mishale yote inatazama nyuma. Ya kushoto umeyaweka kulia."

Gunnvor alishuka. Upepo ulimpiga kofi. Alitazama mishale, na akaelewa palepale alikokosea, na joto la aibu likampanda hadi masikioni. Miaka yote ya ndoa yao alisimama mbele ya gari, akilitazama uso kwa uso, akimpa Peder nati moja moja kutoka kwenye kifuniko cha kopo. Kushoto kwake kulikuwa kushoto kwa aliyesimama mbele. Hakuwahi kulihesabu gari kutoka kwenye kiti cha dereva, kwa sababu kiti hicho hakikuwa chake. Akamkasirikia marehemu. Alimpenda, lakini pale kwenye upepo alimkasirikia kwelikweli, kwa nini hakumpa ile spana hata mara moja.

Jostein hakumcheka. Alisema njumu zinauma hata zikiwa kinyume, ila juu leo kuna theluji ya majimaji, na tairi lililogeuzwa haliitemi hiyo pembeni, linapanda juu yake na kuelea. Hawezi kumpandisha hivyo na watu nyuma yake. Baada ya huu kutakuwa na msafara mwingine, upepo ukiruhusu.

Magnar alikuwa ameshafika, kola yake imesimama. "Liache hapa, shemeji. Njoo garini kwangu kuna joto. Nimeshampigia Trygve, nimemwambia umerudishwa." Akasita, kisha akalisema. "Ahadi ni deni, Gunnvor. Ulisema mbele yetu wote wawili."

Watu kwenye magari walikuwa wameshusha vioo kidogo, kiasi cha kusikia bila kuingiza theluji. Wapo watakaosema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Ningependa kuwaona wao wakiwa wamesimama pale.

"Nilisema mlima ukinirudisha," Gunnvor alijibu. "Anayerudishwa hugeuza gari. Mimi nimegeuza gari?"

"Sasa utafanya nini?"

"Jeki yako iko wapi?"

Magnar alidhani hakusikia vizuri. Akaambiwa tena: jeki, kwa kuwa Gunnvor anayo moja tu, na ili kubadilishana kushoto na kulia lazima pande zote mbili ziinuke kwa pamoja. Jostein, ambaye alikuwa na msafara wa kuongoza na hakuwa na muda wa ugomvi wa kifamilia, alielekeza kidole kwenye banda la gari la theluji, kando ya kizuizi. Sakafu ni ya saruji, alisema, na taa zinawaka. Kisha akaondoka na magari yake kuingia kwenye weupe.

Bandani Gunnvor alivua koti, akatoa jeki na spana ya Peder kwenye buti. Aliweka magogo kwenye magurudumu ya nyuma, akainua mbele upande huu, Magnar akaleta jeki yake upande ule. Magnar akanyoosha mkono achukue spana.

"Jeki tu, shemeji. Mikono ninayo."

"Utajiumiza, na mimi ndiye nitakayelaumiwa."

"Basi laumiwa. Shika nati hizi."

Akazishika. Mkubwa mzima, mwenye dizeli yake, alisimama mbele ya gari na nati ndani ya kofia yake, akitoa moja moja kila alipoambiwa. Gunnvor aliyavingirisha magurudumu sakafuni kutoka upande hadi upande, akayanyanyua kwa goti na tumbo kama alivyonyanyua makreti, akitukana kwa sauti ya chini matusi ya kiwandani ambayo Magnar alijifanya hayajui. Mbele pakakamilika, magogo yakahamia mbele, nyuma ikainuka. Kidole kimoja kilichubuka. Alikifunga kwa leso akaendelea. Spana ikalia kwenye nati ya mwisho, na Magnar, bila kuulizwa, akapiga magoti kwenye saruji na kumulika mshale baada ya mshale kwa simu yake.

"Yote yanatazama mbele," alisema. Akainuka, akajipangusa magoti, akaongeza, "Peder asingemaliza haraka hivi. Angeanza kwa kuvuta sigara."

Gunnvor alicheka, na kicheko kikamtoa machozi, akayaacha yatoke.

Jostein aliporudi kuchukua msafara wa pili alizunguka gari na tochi mara moja tu. Alimwonyesha Gunnvor nafasi ya kwanza, mara tu nyuma ya gari la theluji, na Magnar akaambiwa amfuate.

Simu ililia akiwa ameshafunga mkanda. Alikuwa Trygve, anaongea haraka, sauti ya mtu aliyefanya jambo na anataka libarikiwe. "Mama, Baba Magnar kaniambia. Pole. Usijali, kila kitu nitakishughulikia mimi. Nimeshampigia yule dalali wa nyumba, atakuja Sandelva wiki ijayo kupiga picha."

"Mpigie tena umwambie asije."

"Lakini Mama, ulisema ukirudishwa..."

"Sijarudishwa. Niko kwenye foleni, gari la theluji liko mbele yangu na baba yako mdogo yuko nyuma yangu."

Trygve akauliza, polepole, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu mmoja, kama basi Baba Magnar alikuwa amedanganya kuhusu matairi.

"Hakudanganya. Niliyafunga kinyume," Gunnvor alisema. Taa za manjano mbele yake zilianza kuzunguka, na kizuizi kikainuka. "Mwakani nitayafunga vizuri."