Dorotea, Mpima Mwanga wa Igoma

Siku Mihayo alipomwona Dorotea kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ameleta bawaba ya geti iliyokatika, na Mihayo alipowasha moto wa kuchomelea, yeye aligeukia ukuta wa duka la pili, akawa anatazama mwanga wa buluu ukirukaruka pale. Wateja wengine wa Igoma huukodolea macho moto ule, kesho yake wanarudi wakilalamika kama waliotiwa mchanga machoni. Huyu hakuhitaji kuambiwa. Mihayo alishukuru, maana kwake kumwambia mtu jambo kulikuwa kazi kubwa kuliko kuunga chuma.

"Unajua huo moto wako unaitwaje?" akauliza Dorotea, bado anatazama ukuta.

"Wa kuchomelea, dada."

"Ni plazma, kaka. Mimi ninakula kwa plazma. Moto wako ni mama mdogo wa kazi yangu."

Alikuwa mtoto wa palepale Igoma, amepita miaka arobaini, hana mume wala mtoto. Alisoma fizikia mpaka Ulaya, akabaki huko kwenye utafiti wa leza kubwa. Mama yake alipopooza upande mmoja, akarudi kumuuguza, na hesabu za utafiti akawa anazifanya kwa kompyuta juu ya meza ya chakula. Ukimya wa nyumba ulipomzidi, alikuja karakana, akakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akaeleza. Leza ile, alisema, hupiga kipande cha chuma chembamba kuliko unywele, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Chuma hakipati hata nafasi ya kuyeyuka. Chembe zake zinachanika, kinakuwa plazma.

"Sasa plazma nayo ina kiburi. Ikishajaa, inaufukuza mwanga uleule ulioizaa. Nataka kujua ni kiasi gani huingia kabla ya kufukuzwa."

"Na ukishajua?"

"Nitakuwa nimejua, kaka Mihayo." Akacheka peke yake.

Hapakuwa na mwingine aliyemuuliza. Mihayo, mtu wa darasa la saba, aliyefiwa na mke akazoea kula akiwa amesimama, alielewa nusu. Nusu nyingine alisikiliza sauti.

Kisha ikaja habari njema. Timu ya Dorotea ilipewa zamu ya kutumia leza ya huko Ulaya, zamu waliyoisubiri kwa miaka. Hesabu zilikuwa zake, lazima awepo. Modesta, aliyekuwa akimsaidia kumwogesha mama, alikubali kubaki na mgonjwa.

Wakati huohuo Bernadeta, muuza chai na mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, akamchokoza Mihayo. "Hivi huyu shemeji yetu mtarajiwa anafanya kazi gani?"

Mihayo aliona haya, lakini alitaka kumsifu. "Anatengeneza radi. Ndogo tu."

Usukumani sifa hiyo haipigiwi makofi. Anayeweza kuitengeneza anaweza kuituma ikaue. Mvua zilipoanza, radi iliua ng'ombe wawili wa jirani, Josephat, nyuma tu ya ukuta wa kina Dorotea. Modesta akaondoka bila kuaga.

Jumamosi ikafika zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa Dorotea. Aliazima viti, akachemsha chai, akapika mihogo. Mihayo alifika na shati lake la kanisani.

"Shikamoo, mama," alimsalimu mgonjwa.

"Marahaba, baba. Wenzako wako wapi?"

Walingoja mpaka chai ikafanya utando. Dorotea akafungua kitabu cha sala, akasoma, akajiitikia mwenyewe. Kisha akaanza kukunja viti.

"Nitawaandikia wenzangu wa Ulaya wasinisubiri," alisema. "Siwezi kumwachia mama viti vitupu."

Mihayo alitoka akaenda moja kwa moja kwa Bernadeta, mbele ya wanywa chai wote.

"Mwenyekiti, lile neno la radi ni langu."

"Tunajua ni lako. Umekuja kulikana?"

"Nililisema vibaya. Kinachowaka kwake ndicho kinachowaka kwangu kila siku. Geti lako nimeliunga kwa hicho. Kama ni radi ya kutuma, basi nimeanza mimi. Nifukuzeni, na mageti yenu myang'oe. La sivyo, rudini mkamsaidie mama yake."

"Jamani, kumbe fundi ana mdomo!" mtu akapiga kelele, na wote wakacheka. Bernadeta hakucheka.

"Unajua akipata wa kukaa na mama yake, ataondoka?"

"Najua."

"Na bado unaomba?"

"Ndiyo hivyo, naomba."

Jumatatu Bernadeta alijifunga kanga kiunoni, akaenda kumwogesha yule mama kwa mikono yake, mchana kweupe, mlango wazi. Modesta alipoona hivyo, akarudi, uso chini.

Dorotea akasafiri, na kazi ikambakisha huko. Baadaye dada yake, Suzana, alikuja kumchukua mama akaishi naye Bukoba, na nyumba ikapata wapangaji wasiojua habari za plazma. Namba ya simu ya Dorotea ya huko Ulaya Mihayo hakuwa nayo. Alikuwa amepania kuiomba asubuhi ya safari, alipokuwa akimpakilia begi kwenye bajaji, lakini maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yameishia kwa Bernadeta. Akabaki ameshika begi lililokwisha kukaa vizuri. Bajaji ikaanza kuunguruma. Dorotea akachungulia nje.

"Kaka Mihayo, mama akiniulizia, mwambie nimeenda sokoni. Usimwambie ni mbali."