Udongo Usio na Harufu

Mimba yangu ya kwanza ilinikuta kwenye shamba la matango nje ya Riyadh, na ikaja na hamu ya udongo. Kwetu Kenya hilo halimshangazi mtu. Mama mjamzito huenda kioski akanunua odowa, yale mawe laini ya kijivu, akatafuna huku akiendelea na shughuli zake, na hakuna anayemgeukia. Huku ningemweleza nani? Madam, mke wa bosi, angeniona na udongo mdomoni angenipeleka kwa daktari wa akili, au moja kwa moja uwanja wa ndege.

Mimi nilikuwa mpishi. Mume wangu alifanya kazi kwenye mabanda ya nailoni, ambayo sote tuliyaita grinihausi. Kafili wetu, yaani bosi aliyetudhamini kuja huku, alikuwa mmoja, kwa hiyo tulipewa chumba pamoja nyuma ya jiko, bahati ambayo wengi wetu huku hawaipati. Hamu iliponizidi nilimpigia dada yangu mkubwa, mfanyakazi wa nyumba moja ya Al-Rawdah kule Jeddah, nikamwomba anitafutie odowa kwa akina mama wa Karantina, mtaa wa Waafrika kule. Huko hakikosekani kitu cha nyumbani.

"Wee, umeshaanza?" akacheka. "Jikaze kidogo. Nikipata off Friday nitaenda nikuangalizie."

Sikuweza kujikaza. Mtu ambaye hajawahi kushikwa na hamu hiyo asinihubirie. Mchana mmoja wanaume wakiwa wanakula, niliingia grinihausi ya mwisho, iliyokuwa tupu ikisubiri miche, nikachota udongo kwa kikombe. Niliuchekecha kwa chujio la chai, nikaukausha kwenye kikaango alivyokuwa akifanya mama, nikaunyunyizia maji, nikainama ninuse.

Hakukuwa na kitu. Udongo ukilowa hutoa ile harufu ya mvua ya kwanza, na hiyo ndiyo hasa unayoitamani. Kutafuna ni njia tu ya kuifikia. Huu ulinuka kikaango. Niliula hivyo hivyo. Nikarudi siku nyingine, nikachimba chini zaidi nikidhani harufu imejificha huko, nikala tena. Ulinikwaruza meno na hamu haikutulia.

Haikupita wiki mume wangu akarudi kazini macho mekundu, machozi yanamtoka. Nilipomsogelea akarudi nyuma.

"Usinishike. Acha nioge kwanza."

"Mmefanya nini huko?"

"Tunafukiza udongo. Tunafunika matuta kwa nailoni, tunapitisha dawa kwenye mipira ya maji, inageuka gesi huko chini inaua kila kitu. Bosi ameagiza safari hii iongezwe. Na wewe usikanyage huko kabisa, umesikia? Na hiyo mimba."

"Grinihausi gani?"

"Zote, moja baada ya nyingine. Ile ya mwisho tulianza nayo, hata tumeshaifunua wiki mbili zilizopita."

Nilishika ukingo wa mlango. Nikamuuliza kama wanafanya hivyo mara nyingi.

"Kila msimu kabla ya kupanda. Wanasema tangu hata sisi hatujaja."

Sikumwambia. Nilijilaza nikasema kichwa kinaniuma. Tangu siku hiyo niliishi kwa hofu ambayo sijawahi kuijua, hata ile siku ya kwanza nilipotua nchi hii bila neno la Kiarabu. Tumbo likinikata kidogo, nilikimbia chooni kuangalia kama kuna damu. Nilikuwa nakatakata vitunguu huku nimebana mapaja, kana kwamba mtoto angedondoka. Nilimwomba Mungu, kisha nikamkasirikia, kisha nikamwomba tena msamaha haraka haraka asije akanikomoa.

Kulikuwa na mhandisi wa mimea, Msudani mpole, tuliyemwita muhandis. Alipenda kupita jikoni kunywa chai. Siku aliyokuja nilimwekea sukari nyingi anavyopenda, nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha kuungaunga: mbuzi akila udongo wa grinihausi, atakufa?

Alicheka. "Mbuzi ale udongo ule kwa sababu gani? Hauna kitu."

Akaniita kwenye chungu cha nanaa kilichokuwa kando ya bomba la jikoni. Akachokora udongo wake kwa kidole, akaniambia ninuse. Harufu ilinipanda hadi kwenye meno. Ilikuwa ile ile niliyoitafuta kule nikachimba nikaikosa, na nilimeza mate mbele yake bila haya.

"Hii harufu inatengenezwa," alisema. "Humu ndani kuna viumbe hai, wadogo hata huwezi kuwaona. Wengine wanaozesha majani, wengine wanalisha mizizi, wengine wanawala wale wabaya. Dawa haichagui. Ukifukiza mara moja, wengi wanakufa, halafu pole pole wanarudi. Ukifukiza kila msimu, mwaka baada ya mwaka, hawapati nafasi ya kurudi. Ile minyoo midogo inayotia mizizi vinundu inakuja tena kutoka chini kabisa, ambako dawa haikufika, inakuta nyumba haina mlinzi. Ndiyo maana matango yananyauka. Nilimwambia bosi aupumzishe udongo, atie samadi, asubiri. Ananiambia halas, basi, ongeza dawa."

Alikuwa amekasirika, na aliongea nami kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumsikiliza. Mimi sikuwa nawaza matango. Nilikuwa nimesikia dawa inayoua kila kidogo kilicho ndani, na ndani yangu kulikuwa na kidogo kimoja.

"Na huyo mbuzi?" nikauliza.

"Gesi ikishatoka imetoka. Labda hatapata kitu."

"Na akiwa na mimba?"

Aliweka glasi chini, akaniangalia usoni, kisha akaangalia pembeni. "Sijui," akasema. "Wallahi sijui."

Ningependa angenidanganya.

Shule zilipofungwa, madam aliwachukua watoto kwenda Jeddah kwa wazazi wake, Al-Hamra, na mimi nikaenda nao kupika. Mume wangu alibaki shambani. Ijumaa dada yangu alipata ruhusa akaja, mkoba wake umejaa odowa aliyoitafuta Karantina kwa jasho lake. Aliufungua pale kwenye mlango wa jikoni akitabasamu, na harufu ilipotoka nikaanza kulia. Sikuweza hata kugusa. Nilimwambia kila kitu.

"Ulikula nini?" Alikaa kwenye ngazi kwa kishindo. "Na umenyamaza muda wote huo? Wee msichana, unataka kuniua? Unaenda kumwambia madam. Leo."

"Atanirudisha Kenya."

"Akurudishe! Utarudi na mtoto au utarudi bila mtoto?"

Dada yangu ana mdomo, lakini siku hiyo aliutumia vizuri. Nilijikokota hadi sebuleni. Watoto walikuwa wanakula. Mdogo wao, bado hajaanza shule, alikuwa na sahani ya matango ya shambani niliyomkatia mwenyewe vipande virefu, maana anavipenda hivyo. Madam alijua nina mimba. La udongo hakulijua. Nilimwambia nimesimama, mikono nyuma, nikamwambia na maneno ya muhandis yote, kwamba wanafukiza kila msimu na kila kilichomo kinakufa.

Nilisubiri matusi. Madam alinyoosha mkono taratibu akaivuta ile sahani kutoka mbele ya binti yake. Mtoto akapiga kelele akitaka matango yake, na madam akaendelea kuishika sahani kifuani.

Alinipeleka kliniki mchana ule ule, pamoja na dada yangu. Daktari, mwanamke, alinipaka yale mafuta ya baridi tumboni akazungusha kifaa chake huku na huku kwa muda mrefu mno, mpaka nikaanza kusoma uso wake. Kisha chumba kikajaa mlio wa moyo unaokimbia. Dada yangu alipiga kigelegele mle ndani, akanyamazishwa. Daktari alisema mtoto anakua inavyotakiwa na kwamba kwa sasa haoni tatizo. Akaongeza nisirudi karibu na dawa ile.

Ndani ya gari nilikaa nyuma na dada yangu. Madam alikuwa kiti cha mbele karibu na dereva. Aligeuka.

"Hutarudi shambani," alisema. "Nimeshaamua. Utakaa hapa kwa mama yangu mpaka ujifungue."

Nilimshukuru, nikamwombea kila heri niliyoijua kwa Kiarabu. Kisha nikauliza, "Na mume wangu, madam?"

Aligeukia barabara tena. "Huyo ni mtu wa bosi," akasema. "Kule kuna kazi."

Mume wangu alipiga simu jioni, nikamwambia kuhusu moyo wa mtoto, akacheka mpaka akaanza kukohoa. Akaniambia matango yamenyauka tena, na kesho asubuhi wanafunika matuta upya.